Jinsi ya Kumfanya Punda Ale Dawa Yake

Tia dawa ya unga katika pumba kavu, mwekee punda wako karai, kisha nenda ukamkame ng'ombe. Ukirudi utaona pumba zimekwisha, nawe utafurahi. Lakini inama utazame ndani ya karai. Chini, pembeni, unga wa dawa umebaki karibu wote, mkavu kama ulivyotoka katika karatasi yake. Punda amezipepeta pumba kwa midomo kama mama apepetavyo mchele, akala alichotaka na kuacha asichotaka. Katika daftari lako umeandika kwamba leo punda amepata dawa. Hakupata.

Somo hili ni la wenye punda. Wenye farasi, kule Nanyuki au karibu na uwanja wa mashindano wa Ngong, nao watapata faida, maana wanyama hawa wawili ni ndugu, na vinywa vyao na matumbo yao ni ya namna moja.

Ng'ombe hasumbui hivi. Yeye huzoa majani kwa ulimi, humeza upesi, na kutafuna baadaye anapocheua. Punda hacheui. Kwanza hunusa, kisha huchagua kwa mdomo wa juu, ambao ni mwepesi kama vidole vya mtu, ndipo hutafuna sana kabla ya kumeza. Kwa hiyo kitu kichungu hukaa kinywani mwake muda mrefu, naye hukijua, na kesho hukikumbuka. Watu humwita mkaidi. Mimi namwita mwangalifu, na sababu anayo: mbwa akila kitu kibaya hukitapika, lakini punda na farasi hawawezi kutapika. Kilichoingia tumboni kimeingia.

Kupoteza punda kwa sababu ya dawa iliyotolewa vibaya ni hasara kubwa siku hizi kuliko zamani. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na punda zaidi ya milioni 1.8, hesabu ya 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2. Wengi katika waliopungua walichinjwa kwa ajili ya ngozi zao. Bei ya punda ilipanda, na mtu aliyempoteza wake leo huenda akashinda miezi akivuta mkokoteni kwa mikono yake mwenyewe.

Chupa isitumike

Wafugaji wengi wamezoea kumnywesha ng'ombe dawa kwa chupa. Mmoja hushika pua na kuinua kichwa, mwingine humimina. Hata kwa ng'ombe kazi hiyo yataka uangalifu. Kwa punda ni hatari kabisa. Kichwa kikiinuliwa sana na ulimi ukivutwa nje, punda hawezi kumeza vizuri, na dawa huteremka katika njia ya hewa mpaka mapafuni. Hapo hapo huenda usione neno. Atakohoa kidogo, nawe utasema imempalia tu. Baada ya siku mbili tatu ana homa, anapumua kwa shida, usaha wenye harufu mbaya unamtoka puani. Na kichomi cha namna hiyo ni kigumu kuponya hata daktari akija na dawa zake zote.

Wengine humnywesha mafuta punda mwenye maumivu ya tumbo. Hayo ni mabaya zaidi, kwa sababu mafuta yakisha kuingia mapafuni hayatoki. Tena chupa nyingi ni za kioo, na magego ya punda yana nguvu za kuvunja kioo. Daktari wa mifugo akitaka kumpa punda dawa nyingi ya maji hupitisha mpira puani mpaka tumboni, akahakikisha kwanza kwamba haukuingia njia ya hewa. Hiyo ni kazi yake. Usiijaribu.

Usiharibu chakula chake

Jambo la pili halijulikani sana, nalo ndilo ningependa ulishike kuliko yote mengine katika somo hili. Usitie dawa katika chakula chote cha punda.

Mtu husema, "Mwache. Akiona njaa atakula tu." Shauri hilo laweza kumwua mnyama wako. Punda akishinda bila kula, mwili wake huanza kuyatoa mafuta uliyoyaweka akiba na kuyapeleka katika damu. Ng'ombe na mbuzi nao hutumia akiba yao wakati wa njaa, lakini kwa punda mambo huweza kupita kiasi upesi mno: mafuta huzidi katika damu, ini na figo huharibika, hamu ya kula hupotea kabisa, na punda hufa. Walio hatarini zaidi ni punda wanene, majike wenye mimba au wanaonyonyesha, wazee, na wale ambao tayari wana ugonjwa mwingine. Yaani hasa wale ambao unawapa dawa.

Basi fikiri. Punda ana kidonda au homa, hamu yake ya kula ni ndogo. Wewe unachukua chakula chake cha siku nzima na kukitia uchungu. Anakinusa, anageuka. Kesho anakuta kile kile. Ugonjwa wa kwanza huenda ungepona, lakini sasa umemletea wa pili ulio mbaya kuliko ule. Kwa hiyo majani yake makavu na maji yake yawe safi siku zote, bila dawa, naye ajue hivyo. Dawa iwe katika chombo kingine, na katika chakula kidogo tu. Punda akikataa kula siku nzima, mwite daktari siku hiyo hiyo. Usingoje ukaidi umwishe.

Namna ya kuitia dawa katika chakula

Kama dawa yaweza kungoja kidogo, mathalani dawa ya minyoo, usianze na dawa. Anza na chombo. Kwa siku nne au tano, asubuhi kabla ya kumfunga kazini au jioni akirudi, mpe konzi mbili za pumba zilizoloweshwa kidogo, katika beseni lake lile lile, mahali pale pale. Changanya na molasi kijiko kimoja au viwili, au sukari nguru iliyoyeyushwa. Asipewe dawa hata chembe. Mwanzoni huenda akala nusu tu, maana punda huogopa chakula kigeni. Siku ya tatu utamwona anakungoja. Sasa amejua kwamba beseni hilo lina jambo jema. Siku ya tano tia dawa, tena kwanza robo ya kipimo kama daktari amekuruhusu kukigawa. Ukisha kumaliza dawa yote, mwendelezee beseni tamu lisilo na dawa kwa siku mbili tatu. Ukiacha ghafula, atakumbuka kwamba mara ya mwisho beseni lilikuwa chungu, na mara nyingine utaanza upya.

Mchanganyiko uwe wa kushikana, kama ugali mlaini uliopoa. Pumba kavu humsaidia punda kupepeta. Zilizolowa na molasi hushika unga, naye hana la kuacha. Lakini usifanye uji, kwa maana dawa itazama chini na maji. Wala usitumie maji ya moto, kwa sababu dawa nyingine huharibiwa na joto. Changanya kwanza dawa na molasi mpaka isionekane, ndipo uongeze pumba. Na pumba hizo zisigeuke kuwa chakula cha kila siku kwa wingi: pumba nyingi bila madini ya kutosha hudhoofisha mifupa ya punda, na utamu mwingi humletea punda mnene maumivu ya kwato.

Kuhusu utamu wenyewe, kuna jambo la kupendeza. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walitoa taarifa ya majaribio ya kuwapa farasi wa zizini chakula chenye ladha nane mbalimbali, ili kuona ipi wanaipenda. Watu wote hudhani kwamba karoti na mnanaa ndivyo vipenzi vya farasi. Kumbe ladha zilizoongoza zilikuwa uwatu, ndizi na cheri. Karoti na mnanaa zilikuja nyuma, hata baada ya jira. Kisha wakatia ladha ya uwatu au ya ndizi katika vidonge vya madini, na farasi wakavila upesi kuliko vile visivyotiwa kitu. Hao walikuwa farasi wa Uingereza, si punda wa Mwea, na punda wako ana ladha zake. Lakini uwatu ndio huo huo unaouzwa katika maduka ya viungo Mombasa na Nairobi, na ndizi mbivu iliyopondwa ipo karibu kila soko. Jaribu kwanza kimoja, kisha kingine, bila dawa, uone anakimbilia kipi. Lakini usiibadilishe ladha siku ile ya dawa.

Vidonge visagwe katika kinu kidogo, au viloweshwe kwa maji kidogo mpaka vilainike, kama daktari amesema vyaweza kusagwa. Dawa ya maumivu iitwayo fenilbutazoni, ambayo hutolewa mara nyingi kwa punda anayechechemea, ni chungu, tena si nzuri kwa mwili wa mtu. Vaa mipira ya mikono au nawa mara moja ukisha kuishika. Mwili wa punda huitoa dawa hiyo upesi kuliko mwili wa farasi. Kwa hiyo daktari akikuagiza uitoe mara mbili kwa siku, usiseme mara moja yatosha.

Ikiwa una punda wawili au watatu, simama hapo mpaka aliyekusudiwa amalize. Mwenye nguvu humfukuza mgonjwa na kula dawa isiyo yake. Hata hivyo usimpeleke mgonjwa nyuma ya nyumba peke yake. Punda hushikamana na mwenzake, na akitengwa asimwone huacha kula kwa huzuni. Wafunge karibu, kila mmoja na chombo chake, wakionana lakini midomo isifikiane.

Dawa laini ya bomba

Dawa ya minyoo ya farasi na punda huuzwa mara nyingi ikiwa laini kama dawa ya meno, ndani ya bomba lenye alama za uzito. Hii ndiyo njia salama kwa mfugaji, lakini soma alama. Mabomba mengi yamepimwa kwa farasi mkubwa, kilo 600 hivi. Punda wetu wengi wako kati ya kilo 100 na 200. Punda wa kilo 150 atapata robo tu ya bomba la namna hiyo. Zungusha pete iliyo katika kisukumizi mpaka alama ya uzito wake, uikaze vizuri, uijaribu kwa kidole. Pete ikiwa legevu dawa yote itaingia kwa msukumo mmoja. Kwa uzito wenyewe usikisie kwa macho, wala usitumie utepe wa kupimia ng'ombe, maana umbo la punda si la ng'ombe. Mwulize afisa wa mifugo, au kama kuna mizani kubwa karibu nawe, mpandishe.

Kisha hakikisha kinywa ni kitupu. Punda mwenye majani kinywani atayatema majani pamoja na dawa. Mfunge hatamu ya kichwani, usimame ubavuni penye bega lake la kushoto, si mbele yake. Mkono mmoja uwe juu ya pua, taratibu. Kati ya meno yake ya mbele na magego kuna pengo lisilo na meno. Hapo, pembeni mwa mdomo, ndipo pa kuingiza bomba. Lielekeze nyuma, juu ya ulimi, usukume polepole. Litoe, kisha shikilia kidevu kiwe sawa au juu kidogo tu, mpaka umwone anameza. Kumsokota sikio au kumbana pua kwa kamba si njia ya kumpa dawa. Utafaulu leo, na kuanzia kesho hatakubali mtu aguse kichwa chake, hata kumvika hatamu ya kazi.

Bomba nalo hufundishwa. Chukua bomba la sindano kubwa, bila sindano yenyewe, ulisafishe, ulijaze maji ya molasi kidogo, umpe mara mbili kwa juma kwa namna niliyoeleza. Watoto wa nyumbani hupenda sana kazi hii, na punda huwapenda kwa ajili yake. Siku ya dawa ikifika, ataleta mdomo mwenyewe. Dawa nyingi za unga zaweza kutolewa kwa bomba hilo zikichanganywa na molasi ziwe nzito kama asali. Zikiwa nyepesi kama maji, turudi kwenye hatari ile ya chupa.

Usimpe punda dawa ya minyoo kila mwezi kwa sababu jirani anafanya hivyo. Minyoo huzoea dawa, ikawa haifi tena. Peleka kinyesi kibichi katika kituo cha mifugo kipimwe mayai ya minyoo, ndipo ujue. Na dawa ya sindano ya ng'ombe usimdunge punda kwa kuwa imebaki katika chupa. Sindano za ivermectin zilileta uvimbe mbaya kwa farasi wengine, na ndiyo sababu farasi hupewa dawa hiyo kwa mdomo. Bila shaka si kila kinga huliwa. Chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa sindano, nayo humngoja daktari.

Chumvi na madini

Punda anayevuta mzigo juani hutoka jasho, na jasho ni chumvi. Jiwe la chumvi la ng'ombe halimfai sana: ulimi wa ng'ombe hukwaruza kama tupa, wa punda ni laini, naye huramba bila kupata cha kutosha, au hukasirika akaliuma. Mpe chumvi ya kawaida ya jikoni, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa siku katika zile konzi zake za pumba, au iwekwe katika kibakuli mahali pakavu achukue mwenyewe. Maji yawe tele. Chumvi bila maji ni adhabu.

Hapa lazima niseme neno la hatari. Vyakula vingine vya kuku na vya ng'ombe vilivyotengenezwa kiwandani, pamoja na madini mengine ya ng'ombe, hutiwa dawa iitwayo monensini. Kuku na ng'ombe hufaidika nayo. Kwa farasi na punda ni sumu ya moyo, na kiasi kidogo ambacho ng'ombe hakimdhuru kitamwua farasi. Hakuna dawa ya kuiondoa. Kwa hiyo mtu asiyepata pumba asichote konzi ya chakula cha kuku ili kufichia dawa ya punda. Soma karatasi iliyoshonwa kwenye gunia. Kama jina hilo lipo, au kama gunia halina karatasi, lisimkaribie punda. Hata karai lililotumika kwa chakula hicho lioshwe kwanza.

Na ikiwa umefanya haya yote, dawa ni kidogo, utamu ni ule anaoupenda, naye bado anakataa? Mtazame kinywani, au mwombe daktari atazame. Magego ya punda hukua na kuchongoka pembeni, yakakata shavu na ulimi. Punda wa namna hiyo hudondosha chakula kilichotafunwa nusu, hutafuna kwa upande mmoja, na mate humtoka. Huyo hakatai dawa. Anaumwa kila anapotafuna, na akisha kuchongwa meno utashangaa jinsi beseni linavyomalizika.

Mabaki yoyote ya pumba zenye dawa yachimbie shimo siku ile ile, mbali na kisima, kabla kuku na mbwa hawajayafikia.